Saa Moja na Robo kutoka Qausuittuq

Kila asubuhi, kabla hajavua koti wala kuwasha taa ya mezani, Ragilee huweka kiganja chake cha kushoto kwenye kioo cha dirisha la kibanda cha redio na kuupima mlima. Kidole kidogo hukiegemeza pale maji yanapokutana na mwamba, kisha huhesabu kwenda juu. Vidole vinne vya mwamba mtupu chini ya wingu, ndege itakuja. Vitatu, labda. Viwili, na abandike chai nyingine, maana siku itakuwa ndefu. Akishamaliza ndipo hutoka nje kusoma vyombo vya serikali vya kupimia hali ya hewa, akarudi, akaketi, akazungumza redioni na watu wa kiwanja kikubwa cha Qausuittuq kwa sauti ambayo nyumbani haitumii, nyembamba na ya adabu, kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Alama ya kiganja imebaki pale kiooni, mafuta ya mkono juu ya mafuta ya mkono. Rubani Marcel, ambaye huja mara mbili kwa wiki Mungu akipenda, aliwahi kumuuliza kama kibanda kina jini.

"Lipo," Ragilee alimjibu. "Linakula marubani wanaochelewa."

Kiwanja cha Ausuittuq, kijiji chao, ni cha changarawe, kifupi, kinaanzia karibu na nyumba za mwisho na kwenda kuishia miguuni mwa mlima. Ndege ikishaamua kutua haina nafasi ya kubadili nia. Kutoka hapo hadi Qausuittuq ni kilomita mia tatu na themanini hivi kwa njia ya angani, lakini hakuna anayezitaja kilomita hizo. Watu husema saa moja na robo, na wazee huongezea, mlima ukitaka.

Mwezi ule wa Oktoba mlima haukutaka. Bahari ilikuwa imeanza kuganda na haijaganda, hali mbaya kuliko zote, kwa sababu mashua haipiti tena na pikipiki ya theluji ingezama. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye maji yaliyobaki wazi, ukawa wingu, na wingu likaketi mabegani mwa mlima kama mgeni aliyevua viatu. Dukani mayai yaliisha, vitunguu vikafuata, na mwenye duka akaanza kupanga makopo ya maharagwe mbali mbali ili rafu zisionekane tupu.

Ragilee hakuwa na haja ya mayai. Alichokihitaji kilikuwa upande wa pili wa ile saa moja na robo, katika chumba cha hoteli: binti yake Aluki, na mtoto mchanga wa kiume ambaye alikuwa bado hana jina.

Aluki alikuwa ameondoka majira ya joto yakiisha, kama wajawazito wote wa Ausuittuq, kwenda kusubiri uchungu Iqaluit kwenye hospitali. Alijifungua salama. Akarudi kwa ndege kubwa mpaka Qausuittuq, na pale safari ikakatika. Kila mchana alipiga simu, na kila mchana mtoto alilia nyuma ya sauti yake.

Jina lilikuwepo. Lilikuwa nyumbani kwa Ragilee, chumba cha nyuma, chini ya mablanketi matatu, ndani ya kifua cha mama yake, bibi kizee Tukasi, ambaye moyo wake ulikuwa unachoka. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwahidi Aluki, tumbo lilipoanza kuonekana: awe wa kike, awe wa kiume, mtoto huyo ni mimi. Hilo halikumshangaza mtu. Jina la mzee likishaingia kwa mtoto, mtoto anachukua na heshima zake. Ragilee atamwita mjukuu wake mama, Aluki atamwita bibi, na atafumwa kofia ya rangi aliyoipenda bibi.

"Ila safari hii," alisema Oleepika, mke wa kaka yake Ragilee, akimpa mgonjwa mchuzi wa sili kwa kijiko, "mama mkwe wangu atakuwa anakojoa amesimama."

"Nitakulenga wewe kwanza," alijibu Tukasi, na wote watatu wakacheka mpaka mgonjwa akakohoa.

Lakini alikuwa na sharti lake, na hakulegeza. Jina atalitoa kwa kinywa chake, kwenye sikio la mtoto. Aluki aliomba walifanye kwa simu. Akasema ataiweka simu kabisa sikioni mwa mtoto, na bibi aseme tu, neno moja.

"Jina halipiti kwenye waya," alisema Tukasi.

"Mama, siku hizi hakuna hata waya," Ragilee alimwambia.

"Basi ndiyo halitapita kabisa."

Muuguzi naye alikuwa na wazo lake: ndege ikija, apelekwe kusini kwa madaktari wa moyo. Tukasi alikuwa binti mdogo meli ya serikali ilipowaleta huku yeye na wazazi wake, kutoka nchi yenye vichaka na matunda ya porini, wakaambiwa wakae miaka miwili, wasipopapenda watarudishwa. Wazazi wake walizikwa kwenye changarawe ya Ausuittuq.

"Nilishapandishwa chombo mara moja nikaambiwa nitarudi," alimwambia muuguzi. "Miaka yangu miwili bado haijaisha. Niache."

Basi akaachwa. Kila jioni Ragilee aliporudi kazini alimkuta amegeuza uso mlangoni.

"Mtoto yuko wapi?"

"Qausuittuq, Mama."

"Ni mbali?"

"Saa moja na robo."

"Jana pia ulisema saa moja na robo."

Ragilee angekwenda kumchukua mwenyewe kama angeweza. Zamani walikuwa wawili kibandani, yeye na Jaypiti, lakini Jaypiti alikuwa kusini kwa matibabu ya mgongo. Bila mtu wa kuitazama hali ya hewa na kuisema, hakuna rubani anayekuja. Siku ambayo yeye angepanda ndege, nyuma yake kijiji kizima kingefungwa. Alikuwa kama ameketi mlangoni, ufunguo mkononi, na mlango ule haukumruhusu yeye kutoka. Alizoea kulifikiria jambo hilo kila alipokuwa akifuta theluji kwenye vyombo, na kila mara alikatisha mawazo katikati, kwa sababu mkono ulikuwa unaganda.

Kaka yake Tivai alikuja kibandani siku moja, akamimina chai bila kukaribishwa, akaketi juu ya kreti ya barua zilizokuwa zikingoja kuondoka.

"Leo?"

"Viwili."

"Jana?"

"Viwili na ukucha."

Tivai alipuliza chai yake. Alikuwa mwindaji, mtu wa kutoka, na majira yale ya bahari isiyoganda yalimfanya azunguke kijijini kama mbwa aliyefungwa kamba fupi. "Dada, hebu tuzungumze kama watu wazima. Marcel ana macho?"

"Anayo."

"Basi mwambie mawingu yako juu kidogo. Siyo sana. Aje. Akifika atajionea mwenyewe. Akiweza atatua, akishindwa atarudi. Wewe umepoteza nini?"

"Atakuja kwa sababu nimemwambia. Akifika akiona giza, atasema, lakini Ragilee kasema kuna nafasi. Ataitafuta hiyo nafasi."

"Ndiyo, ataitafuta! Si ndiyo kazi yake?"

"Ataitafuta kwenye mlima, kaka. Na Aluki yuko nyuma yake na mtoto mgongoni."

Tivai alikunywa chai yake yote, akakiosha kikombe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nyumbani kwake, akasimama dirishani na kuweka kiganja chake kipana juu ya alama ya kiganja cha dada yake.

"Kwangu mimi ni kimoja na nusu," alisema.

"Una vidole vinene. Toka, unaniwekea mafuta."

Hatimaye ikafika siku ambayo vidole vilikuwa vitatu na nusu. Ragilee alipima mara ya pili, akatoka, akasoma vyombo, vikamwambia yale yale kwa lugha yao. Akasema redioni alichokiona, bila kukivuta juu wala chini. Ikaja sauti ya Marcel.

"Tunakuja kuangalia. Nina abiria wawili, mmoja mdogo sana ana hasira. Na vitunguu."

Kijijini habari haikuhitaji kutangazwa. Oleepika alimchana Tukasi nywele, akamsuka misuko miwili ya mbele kama ya sikukuu. Tivai aliliegesha gari lake kando ya kiwanja, injini ikinguruma, kiti cha mbele akakitandika ngozi ya paa wa theluji. Watoto wa shule walitolewa nje kucheza na hawakucheza. Walisimama wakitazama magharibi.

Ragilee alibaki kwenye kioo. Ndege iliporuka kutoka Qausuittuq vidole vilikuwa vitatu na nusu. Alijishughulisha na karatasi, akainua macho, vikawa vitatu. Aliripoti. Marcel akasema amesikia, anaendelea, wako nusu ya njia. Upepo uligeuka kidogo tu, kiasi cha kulaza moshi wa gari la Tivai upande mwingine, na ule mvuke wa baharini ukaanza kuja kijijini taratibu, bila fujo, ukiyafunika mapipa ya alama ya mwisho wa kiwanja, moja, la pili, la tatu. Vidole viwili. Aliripoti. Marcel akasema amesikia.

Tivai aliingia bila kubisha, theluji mabegani, na kusimama nyuma yake.

Ndipo wakaisikia. Kwanza ilikuwa kama mtu anayekoroma nyumba ya jirani, halafu ikawa juu kabisa, na vijiko vikaanza kugongana ndani ya vikombe. Ragilee alitazama dari kama mjinga. Binti yake alikuwa pale. Pengine ameketi kwenye kiti cha upande wa kulia, anachokipenda kwa sababu ya dirisha.

"Ausuittuq, tuko juu yenu," alisema Marcel. "Kwetu huku ni jua tupu, chini ni pamba. Unaona nini?"

Kazi ya Ragilee haikuwa kusema njooni, wala kusema rudini. Hilo ni la rubani. Kazi yake ilikuwa kusema anachokiona. Aliweka kiganja kiooni ingawa hapakuwa na cha kupima.

"Mwambie kidole kimoja," alinong'ona Tivai. "Kimoja tu, dada. Mama anangoja."

Na kweli, chini ya kidole kidogo palikuwa na weusi. Unaweza kuwa mguu wa mlima. Unaweza kuwa kivuli cha kichwa chake mwenyewe. Aliinamisha kichwa kushoto, na weusi ukainama naye.

Alibonyeza kitufe. "Sioni mlima."

"Rudia, Ragilee."

"Sioni mlima."

Injini ilizunguka juu yao mara moja zaidi, polepole, duara pana, kama mtu anavyolizunguka tundu la barafu akitafuta pa kukanyaga. Halafu Marcel akasema, kwa upole, kwamba amemwelewa na anarudi. Mngurumo ukaelekea magharibi, ukawa tena mtu anayekoroma nyumba ya jirani, ukaisha.

"Saa moja na robo ya kuja, saa moja na robo ya kurudi," alisema Tivai. "Mjukuu wako amesafiri siku nzima na hajafika popote." Aliufunga mlango kwa nguvu kiasi kwamba kalenda ilianguka.

Ragilee aliiokota kalenda. Hakuruhusiwa kutoka mpaka ndege itue salama kule ilikokwenda, kwa hiyo alikaa. Alikaa na redio, na kioo, na wingu ambalo sasa lilikuwa limefika mlangoni na kusimama. Mara mbili alinyanyuka kuvaa koti, mara mbili akaketi nalo mapajani. Marcel alipotangaza kwamba wametua Qausuittuq, alimshukuru kwa ile sauti yake ya redio, akazima taa, akaelekea nyumbani akifuata uzio kwa mkono kwa sababu njia haikuonekana.

Oleepika alikuwa anamngoja barazani, bila kofia.

"Wifi, njoo haraka. Hapana, hajafa, usinitazame hivyo. Njoo nikwambie kabla hujaingia."

"Alisikia?"

"Nani hakusikia? Vyombo vyote vilicheza. Akaniuliza, ndiyo yeye? Nikasema ndiyo, Mama, ni wao, lakini wingu limefunga. Akaniambia, niinue. Nikamwinua. Akaniambia, fungua dirisha. Nikamwambia, Mama, muuguzi ataniua. Akasema, mimi ni mkweo, fungua. Nikafungua." Oleepika alijifuta pua kwa mkono wa sweta. "Akatazama juu, akasema Tukasi. Akangoja ile ndege izunguke irudi. Ilipokuwa juu kabisa akasema tena, Tukasi, kwa nguvu, sijui aliitoa wapi ile nguvu. Halafu akasema, haya, funga, baridi."

"Hayo tu?"

"Mimi nikamwambia, Mama, huko juu ndege ina kelele, mtoto atasikia nini? Akaniambia, ana masikio yangu."

Ragilee aliingia. Mama yake alikuwa amelala na misuko yake miwili, uso ameuelekeza ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba ianze hakuuliza mtoto yuko wapi, wala kama ni mbali. Aliomba samaki mbichi aliyeganda, akala vipande viwili, akasema vina chumvi, jambo ambalo halikuwa kweli.

Alifariki alfajiri, binti yake akiwa amemshika mguu.

Asubuhi hiyo Ragilee alikwenda kazini. Wapo waliosema ana moyo wa jiwe. Aliweka kiganja kiooni, akahesabu viwili, akaripoti viwili. Kisha akapiga simu hotelini Qausuittuq.

Aluki alilia bila sauti, ukasikika upumuaji tu, na mtoto kwa mara ya kwanza alikuwa kimya. "Tulikuwa juu yenu, mama," alisema mwishowe. "Rubani alisema tuko juu ya nyumba. Alikuwa anakusikiliza wewe. Ungesema neno moja."

Ragilee alishika simu. Jambo la dirisha lililofunguliwa lilikuwa ulimini kabisa. Lakini mwenye jina alikuwa amelikataza kupita kwenye simu, na kama lilikuwa limekwisha kutolewa vizuri, yeye alikuwa nani wa kulichezea?

"Ukija tutazungumza," alisema.

"Nikija lini? Jina limekwenda naye. Mwanangu ataitwa nini sasa?" Na simu ikakatwa.

Walimngoja Aluki ndipo wazike. Maiti ya bibi iliwekwa kwenye kibanda cha nje ambako baridi ingeitunza bila haraka. Tivai alichonga jeneza, akaja kumwonyesha dada yake kipimo cha ubao bila kumtazama usoni. Ragilee alienda kibandani na kurudi, kibandani na kurudi, na kila alipoweka mkono kwenye kioo aliona ni yeye aliyefungiwa humo, na mlima uko nje.

Halafu bahari iliganda. Ilikuwa siku ya baridi kali isiyo na upepo, na mvuke ukakosa pa kutokea. Asubuhi mlima ulikuwa pale wote, hadi kilele, mweusi wenye mabaka ya theluji, kama vile haukuwahi kumfanyia mtu ubaya wowote. Vidole vinne havikutosha kuupima. Ragilee aliripoti, na sauti yake ya redio ilikatika katikati, Marcel akajifanya hakusikia.

Ndege ilitua, ikarusha changarawe, ikasimama. Ragilee alingoja pangaboi zinyamaze kama kanuni inavyotaka, ndipo akatoka. Kijiji chote kilikuwa kimepanga mstari kama kawaida kumpa mkono kila anayeshuka. Aluki alishuka na mtoto kwenye kofia pana ya koti la kubebea mtoto mgongoni, akatoa mkono kwa huyu na huyu, macho mekundu, na alipofika kwa mama yake akampa mkono vile vile, kama mgeni.

Oleepika hakuweza kuvumilia. Alizunguka nyuma, akaifunua kofia, akaupata ule uso mdogo uliojikunja kwa baridi.

"Karibu nyumbani, mama mkwe! Mbona umechelewa hivi, na umenenepa!"

Watu wakaanza kucheka. Tivai akavua glovu, akamshika mtoto kidole. "Shikamoo, Mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Aluki akarudi nyuma hatua moja. "Aunti, msimwite hivyo. Anko, tafadhali. Mnanichoma. Mtoto hakupewa jina."

Kicheko kikakatika. Marcel, aliyekuwa akishusha gunia la vitunguu, akaliweka chini taratibu.

Ragilee alisogea. Alivua glovu ya kushoto na kuweka kiganja chake kwenye shavu la mtoto, kidole kidogo kidevuni, cha shahada karibu na jicho. Vilitosha uso mzima.

"Alipewa," alisema.

Aluki alimtazama mama yake kwa mara ya kwanza tangu ashuke. "Lini?"

"Siku mlipozunguka juu. Aliwasikia, akalitoa dirishani kwa kinywa chake."